Kimya cha Besi

Mume wangu ni mwalimu wa kwaya, na kwa miaka yote niliyoishi naye sijawahi kumsikia akiwa kimya. Sisemi kwamba ni msemaji. Msemaji ni mimi, muulize yeyote kuanzia kwetu mlimani mpaka Kijenge. Yeye anavuma. Akivaa viatu anavuma, akinyoa ndevu anavuma, akisubiri chai ipoe anavuma, tena sauti ya nne, ya chini kabisa, kama jokofu la zamani lililoko chumba cha pili. Kanisani ndiyo usiseme. Anafundisha watu kwamba penye kimya kwenye wimbo pawe kimya kweli. "Kimya nacho kimetungwa," ndivyo anavyosema, na mwanakwaya akikohoa mahali hapo anamwangalia mpaka mtu anatamani ardhi ipasuke. Halafu besi wakifika mahali pao pa kunyamaza, yeye mwenyewe anaendelea kuvuma mdomo ukiwa umefungwa. Hajui kwamba anavuma. Ukimwambia anabisha.

Kwa kuwa besi wetu ni wachache, anaongozea palepale mwisho wa safu yao, na hapo ndipo sauti ya pili inapoanzia, na mwanzoni mwa sauti ya pili nimesimama mimi. Nimempiga viwiko vya mbavu tangu tukiwa vijana. Mpaka leo anaamini anayevuma ni mtu wa safu ya nyuma.

Naanza na hilo kwa sababu bila hilo leo ningekuwa mjane.

Sisi tunatengeneza pombe ya ndizi. Tukiliita kiwanda ni kwa heshima tu: ni banda refu nyuma ya nyumba yetu, kwenye mteremko wa Meru, ukipanda kutoka Kijenge mpaka mahali ambapo migomba na mibuni inakuwa mingi kuliko nyumba. Tulianza mimi na wifi yangu, dada yake mume wangu, kwa kupikia harusi za ukoo. Ndizi mbivu zinachemshwa mpaka zinageuka nyekundu kama udongo wa barabarani, zinachujwa, unaongeza uji wa kimea cha ulezi, unaiacha iumuke. Watu walipoonja kwenye harusi wakawa wanauliza kwenye misiba, na baadaye wenye baa za Kijenge na Engutoto wakaanza kuja wenyewe na madumu. Tukaanza kuweka kwenye chupa. Mume wangu alipostaafu kufundisha shule ya msingi, akajileta kazini bila kuitwa, na nyuma yake ikaja nusu ya kwaya, wanawake wanaojua kumenya ndizi huku wakiimba bila kujikata. Wote wanamwita Mwalimu. Na mimi namwita hivyohivyo, maana ukiita jina la mtu wako mbele ya kwaya nzima wanakucheka.

Mchungaji hakuwahi kutukataza. Aliomba tu kwamba Jumapili gari la kubebea pombe lisiegeshwe mbele ya kanisa.

Kazi ilipokua tukanunua tangi. Lilikuwa la maziwa, la chuma kisichoshika kutu, na aliyetuuzia ni fundi mmoja Singasinga mwenye karakana mjini, karakana iliyokuwapo tangu enzi za babu yake. Mzee yule alilipiga kofi ubavuni likalia kama kengele, Mwalimu akasikiliza, akasema hiyo ni noti ya fa, na hapohapo nikajua tumeshalinunua. Tangi lina mdomo juu, mdomo mdogo wenye mfuniko. Pombe ikishatolewa, chini yanabaki machicha mazito yanayotakiwa kusuguliwa kwa mkono, kwa hiyo lazima mtu aingie. Mimi sipiti pale. Wifi yangu naye hapiti, ingawa anadai angepita kama angetaka. Mtu pekee mwembamba kati yetu wenye akili za utu uzima ni Mwalimu, ambaye ameolewa na mpishi na bado yuko kama ufito.

Nasema ameolewa kwa makusudi. Anayenijua anaelewa.

Basi siku moja akaja binti wa serikali, mkaguzi wa usalama mahali pa kazi. Alikuja na viatu vizito na kofia ngumu, akanisalimia vizuri. "Shikamoo mama." "Marahaba," nikasema, lakini moyoni nilikuwa nimeshakunja ngumi, maana nilijua amekuja kufunga banda langu. Akatembea taratibu. Akaangalia masufuria yanayochemka, akaangalia khanga zetu zinavyoning'inia karibu na moto, akaangalia ndala zetu kwenye sakafu iliyolowa, kisha akasema khanga zikae mbali na jiko na ndala zibaki nyumbani, humu ndani tuvae gambuti. Nikampa vidonge vyake. Nikamwambia nimepika kwa khanga tangu yeye hajazaliwa, na mama yangu kabla yangu, na hakuna aliyewahi kugeuka mshumaa. Yule binti akacheka. Akaniambia, "Mama, nikikuona unateleza na sufuria ya moto nitalia mimi, siyo wewe. Wewe utakuwa umeungua, hutakuwa na nafasi ya kulia." Nikaenda nikaisogeza khanga yangu mbali na jiko, na mimi kutii bila kubishana ni habari ya kutangaza msikitini na kanisani.

Halafu akafika kwenye tangi. Akauliza nani anaingia, Mwalimu akanyoosha mkono kama mtoto wa darasani. Binti akampima kwa macho. Akaomba jagi na mshumaa. Akawasha mshumaa akauweka mezani, akapanda ngazi, akainama kwenye pipa refu la pembeni, lenye pombe iliyokuwa inaumuka, akachota kwa jagi, lakini hakuigusa pombe. Alichota hewa iliyokaa juu ya pombe. Wifi yangu akaninong'oneza, "Amechota nini huyu?" Binti akashuka na jagi lake tupu, amelishika kwa uangalifu kama limejaa maziwa, akaliinamisha juu ya mshumaa. Mshumaa ukazima.

Akawasha tena, akachota tena, akamimina tena, ukazima.

"Hii ndiyo hewa iliyoko ndani ya tangi mkishatoa pombe," akasema. "Ni nzito, inakaa chini kama maji. Haina rangi. Haina harufu ya kukuonya. Mtu anasugua, anasikia kizunguzungu, anakaa chini, basi. Mwenzake akimwona anaingia kumtoa, naye anakaa chini pembeni yake. Mara nyingi wanazikwa wawili." Alisema vile kwa sauti ya kawaida tu, akimwangalia Mwalimu. Nikamwangalia na mimi. Nikaona shingo yake nyembamba, na kola ya shati niliyoigeuza mwenyewe ilipochakaa. Kuanzia siku ile binti yule hajawahi kuondoka kwangu bila chakula.

Akatupa masharti. Kabla mtu hajaingia, feni ipulize hewa safi ndani kwa muda mrefu, kupitia bomba nene la turubai linalofika mpaka chini, na iendelee kupuliza muda wote mtu akiwa ndani. Anayeingia avae mikanda ya mabegani na mapajani, yenye kamba inayopita kwenye kapi juu ya tangi, na kamba ishikwe na watu. Mtu asimfuate mwenzake ndani hata iweje, avutwe kwa kamba. Na la mwisho, wa nje waongee na wa ndani bila kuacha. Akinyamaza tu, vuta.

Yule fundi Singasinga akatutengenezea miguu mitatu ya chuma na kapi, feni ikapatikana, mikanda ikapatikana. Kilichotushinda ni kuongea.

Hebu jaribu mwenyewe. Chukua mke na mume, mmoja muweke ndani ya tangi la chuma, mwingine muweke juu, waambie waongee mfululizo bila kunyamaza. Mara ya kwanza tulianza vizuri. Nikamuuliza habari za humo ndani, akasema nzuri. Nikamuuliza kama feni inamfikia, akasema inamfikia. Baada ya hapo maneno mazuri yakatuishia. Nikamuuliza kwa nini alimpa binamu yake mbuzi bila kuniambia. Akasema aliniambia, sikusikiliza kwa sababu nilikuwa naongea. Tukatoka kwenye mbuzi tukaenda kwenye harusi ya mdogo wangu na maneno aliyoyasema kule, na tangi lile, nakumbusha, linalia kama kengele. Kila neno lilitoka likiwa limekua mara mbili. Majirani walisimamisha kazi. Kuna mama aliyekuwa anapita na mkungu wa ndizi kichwani, akautua chini ili asikilize vizuri. Wifi yangu alicheka mpaka akaachia kamba, ikabidi wengine waidake.

Mwalimu akatoka amefura. "Kuanzia leo tunaimba," akasema.

Tukaimba. Siwezi kueleza raha ya Jumamosi zile. Tulifanya usafi wa tangi na mazoezi ya kwaya kwa pamoja: wanawake kwenye kamba, sauti ya kwanza upande huu, ya pili upande ule, na besi inatoka chini ndani ya chuma, nene, imejaa, utadhani mlima wenyewe umeamua kujiunga na kwaya. Mwalimu hajawahi kuwa na sauti kama ile kanisani. Alijua, ndiyo maana alikuwa anasugua polepole siku zile. Watu walikuja kusimama kwenye ua wa michongoma. Wageni waliokuwa wanatoka kutembea kwenye maziwa ya Momela, dereva wao akawasimamisha kununua pombe, wakasikia besi inatoka kwenye tangi wakatafuta spika iko wapi.

Binti wa usalama akapita kutukagua, akatukuta tunaimba. Akauliza, "Na akinyamaza?" Tukajibu wote pamoja, "Tunavuta." Alifurahi sana. Alikula makande sahani mbili.

Sasa, kuvuta kwenyewe kulituletea matatizo. Jumamosi moja Mwalimu aliangusha brashi yake, akainama kuitafuta, akaacha kuimba kidogo tu. Wifi yangu akapiga kelele, wanawake wakavuta kwa nguvu zote, na mwalimu wa kwaya akatokea kwenye mdomo wa tangi kama ndoo ya kisimani, miguu inaning'inia, brashi mkononi, miwani imekaa upande. Tulimweka chini. Mbavu hatukuwa nazo. Yeye hakucheka. Alituambia tunamwaibisha, kwamba sisi ni wanakwaya, tunajua wimbo, tunajua mahali pa kuimba na mahali pa kunyamaza, tutofautishe. "Kimya cha wimbo ni kimya cha wimbo," akasema. "Msinivute kila nikivuta pumzi."

Tukakubali. Yalikuwa maneno ya mwalimu wetu, na tulikuwa tumemwona anavyotia huruma pale hewani.

Sikukuu ya mavuno ilipokaribia akatunga wimbo mpya. Alikuwa na furaha nao kupita kiasi. Ubeti wa kwanza wote tunaimba, kiitikio wote tunaimba, lakini ubeti wa pili besi wananyamaza kabisa, wanawake peke yetu ndio tunaobeba mashamba na mvua na migomba yenye mikungu, mpaka mwisho wa ubeti, ndipo besi inapoingia kwa kishindo, "Asante!" Alitueleza kwamba kile kimya ndicho kinachofanya lile asante lifike mbinguni. Ulikuwa wimbo mzuri, nisiwe mnafiki. Tukaanza kuujifunza kwenye banda la kanisa, na Jumamosi ilipofika tukauleta kwenye tangi.

Hapo ndipo tulipokosea sisi wote kwa pamoja, watu wazima wenye akili timamu. Sharti lilikuwa wa ndani akinyamaza tuvute. Nasi tukamwingiza ndani na wimbo unaomtaka anyamaze. Mtu mwingine yeyote angeliona lile kosa. Mwanakwaya haoni, kwa sababu kwa mwanakwaya besi anayenyamaza kwenye ubeti wa pili ni besi anayefanya kazi yake.

Ilikuwa asubuhi nzuri, mlima umetoka wote bila wingu. Feni ilinguruma tangu tunakunywa chai. Mwalimu akavaa mikanda yake, wifi yangu akaikagua kama anavyoikagua kila mara, kwa kumvuta kaka yake mbele na nyuma mpaka alalamike. Akashuka. Mimi nilikuwa juu ya ngazi, mdomoni mwa tangi, wengine chini wameshika kamba. Akatupa sauti, tukaanza.

Ubeti wa kwanza ukaenda. Kiitikio kikaenda. Kumbe wakati ule kule ndani, hili tulilijua baadaye, alikuwa amelisukuma lile bomba la turubai upande, kwa sababu lilikuwa linampiga baridi kifuani na kesho yake kulikuwa na ibada. Bomba likajikunja. Feni ikaendelea kunguruma ileile, kwa nje usingejua lolote, lakini hewa yote iliishia pale kwenye kona. Na machicha siku ile yalikuwa mengi. Ukiyakoroga, ile hewa nzito iliyojificha ndani yake inatoka.

Tukaingia ubeti wa pili. Besi ikanyamaza, kama ilivyotungwa.

Sisi tukaendelea na mashamba. Tukaendelea na mvua. Wifi yangu alikuwa amefumba macho kwa utamu. Nami nilikuwa naimba sehemu yangu, na nikasikia kuna kitu kinanikera, sijui ni nini, kama mtu aliyeingia chumbani kwake akakuta saa ya ukutani imesimama. Wimbo ulikuwa sawa. Sauti zilikuwa sawa. Kila kitu kilikuwa kinakwenda kama Mwalimu alivyokitaka, kimya chake kilikuwa kimya safi kabisa.

Kilikuwa kimya kweli. Havumi.

Nikaacha kuimba. Nikapeleka kichwa kwenye mdomo wa tangi nikaita, "Mwalimu." Chini kule nikaona mgongo wake, ameketi kwenye machicha na paji la uso limeegemea chuma, mtulivu, kama anayesali. Wenzangu bado walikuwa wanaimba, mmoja akanikazia macho kwa kuharibu ubeti. Nikawaambia vuteni. Wifi yangu akasema, "Bado zamu yao." Nikamwambia, "Havumi. Wifi, kaka yako havumi."

Sijui kama kuna mtu mwingine duniani angeelewa maneno yale. Yeye alielewa papo hapo. Utotoni alilala chumba kimoja na uvumaji ule.

Wakavuta. Na mimi, niliyeambiwa mara ngapi kwamba mtu asimfuate mwenzake, nilikuwa nimeshatia mguu ndani ya tangi. Roho ilikuwa imenipaa, nilitaka kumfikia tu, sikutaka kingine chochote. Wifi yangu akaacha kamba kwa mkono mmoja akanishika sketi. "Hupiti," akaniambia. "Na ukipita sikuvuti." Nikautoa mguu. Nikashuka nikashika kamba na wenzangu. Kwaya ile haijawahi kufanya kitu bila kuhesabiwa mapigo, lakini siku ile hakuna aliyehesabu, tulivuta tu kwa pamoja, na kapi la Singasinga likazunguka kama limepakwa siagi. Akatoka, kichwa kimelala begani. Tukambeba mpaka kwenye majani, mbali na banda, kwenye upepo. Nikamfungua kola. Nikampiga mashavu. Nilikuwa namwita kwa jina lake, mbele yao wote, jina ambalo sijalitamka hadharani tangu tuko wachumba, na hakuna aliyecheka.

Alikuwa anapumua. Halafu akakunja uso. Halafu akafungua jicho moja, akatuangalia sisi wote tuliomzunguka, wengine wanalia, wengine midomo wazi.

"Mbona mmeacha katikati ya ubeti?" akauliza. "Besi bado hatujaingia."

Nililia mpaka nikaaibika, huku nacheka, huku nampa vidonge vyake kuhusu lile bomba. Wifi yangu alikaa chini kwenye majani akajifunika uso kwa mikono. Tukampeleka zahanati, daktari akamweka kitandani kwa uangalizi akampa hewa ya mtungi, akatuambia tumewahi, na kwamba tungesubiri mpaka besi waingie, yeye daktari angekuwa anatupa pole ya msiba. Muuguzi akatuomba tupunguze kelele. Kwaya nzima ilikuwa imejazana mlangoni na gambuti za machicha.

Tukampigia simu binti wa usalama wenyewe, kabla hajasikia kwa watu. Nilidhani atafoka, nikawa nimejiandaa kunyenyekea, kazi ambayo siijui vizuri. Hakufoka. Aliangalia bomba, akaangalia tangi, kisha akatuambia tuimbe ule wimbo. Tukaimba tumesimama kama washtakiwa. Tulipofika ubeti wa pili, besi wakanyamaza, akainua mkono. "Hapa," akasema. Tuliona wenyewe.

Akatuambia pia kwamba sharti zuri kuliko yote ni mtu asiingie kabisa. Wakakaa yeye na yule fundi Singasinga, wakachora kwa chaki kwenye sakafu. Fundi akakata mlango ubavuni mwa tangi, chini, mlango unaobana kwa komeo, na akatengeneza bomba refu la maji ya nguvu lenye kichwa kinachozunguka. Sasa unasimama nje, unafungua, unapuliza, machicha yanatoka yenyewe yanakwenda kwa nguruwe. Hakuna anayeingia. Miguu mitatu ya chuma tumeiacha palepale, wifi yangu ananing'inizia mahindi ya mbegu.

Jumamosi bado tunaimba. Binti alituuliza kwa nini, wakati sasa hakuna anayeingia kwenye tangi. Nikampakulia makande.

Mavuno yakafika. Kanisa lilijaa, mikungu ya ndizi mpaka madhabahuni, mifuko ya kahawa, mahindi, mbuzi mmoja nje anayelia kwenye maombi. Binti wa usalama alikuja na gauni zuri, ndipo tukajua ana nywele chini ya ile kofia ngumu. Tulisimama kama kawaida yetu, Mwalimu mwisho wa besi, mimi mwanzo wa sauti ya pili, kiwiko changu na mbavu zake. Tukaimba ubeti wa kwanza. Tukaimba kiitikio. Akainua mikono, akawatazama besi wake kwa ukali ili mtu asithubutu, na besi wakanyamaza.

Sauti ya kwanza ikaingia na mashamba. Na hapo pembeni yangu, mdomo umefungwa, macho makali, mikono inaongoza, akaanza kuvuma.

Alivuma vibaya, kwa sauti kubwa, nje kabisa ya alivyotunga mwenyewe. Mzee wa kanisa aligeuka. Mtu mmoja wa besi akainamisha kichwa asicheke. Nilisimama pale namsikiliza, pumzi yake inaingia na kutoka, inaingia na kutoka, na mvua yetu sisi sauti ya pili ikafika, ikapita, sikuimba. Nilikuwa nimesahau kuingia. Kwa sababu yangu safu nzima ikachelewa, na mvua ya mavuno ikanyesha robo robo.

Baada ya ibada akatukusanya nje, chini ya jua, mbele ya Mchungaji, mbele ya yule binti, mbele ya nusu ya usharika. Hakunitaja, lakini alikuwa ananiangalia mimi. Akasema sauti ya pili wamemwaibisha. Akasema kuna watu wameimba tangu ujana wao na mpaka leo hawajui pa kuingia. Akasema pia kwamba amesikia mtu anavuma kwenye kimya cha besi, na huyo mtu atamtafuta mpaka ampate.

Wanawake wote wakanigeukia. Walikuwa wanasubiri nimjibu. Mimi mwenyewe nilisubiri, maana mdomo wangu hauna breki na majibu nilikuwa nayo, tena mazuri.

Nikasema, "Samahani, Mwalimu."

Wifi yangu akanisogelea, akaniwekea kiganja kwenye paji la uso kuona kama nina homa.